Mugumo na Ituika: Visasili vya Haki na Mbinu za Jukwaani katika Mzalendo Kimathi

UTANGULIZI

Tamthilia ya Ngugi wa Thiong'o na Micere Githae Mugo, The Trial of Dedan Kimathi, ilichapishwa mwaka 1976 na kuigizwa Oktoba mwaka huo katika Kenya National Theatre, Nairobi. Mwaka uliofuata ilipelekwa Lagos kwenye tamasha la FESTAC pamoja na Betrayal in the City ya Francis Imbuga. Tafsiri yake ya Kiswahili, Mzalendo Kimathi, ilitolewa 1978. Tangu hapo imezoeleka kuhakikiwa kwa upande wa siasa yake. Wako wanaoisifu kwa kumrudishia mpiganaji wa Mau Mau heshima aliyonyang'anywa na waandishi wa kikoloni. Wako pia wanaoilaumu kwa kumpamba shujaa huyo hata akatoka katika ubinadamu. Pande hizi mbili zinapingana, lakini zimejengwa juu ya dhana moja: kwamba kazi ya tamthilia hii ni kumkuza mtu mmoja.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dhana hiyo haitoshelezi. Mbinu za jukwaani zilizotumiwa na watunzi, zikichunguzwa moja moja, zinaonyesha kuwa wanachokijenga ni fikra ya haki, na kwamba fikra hiyo ina mizizi katika visasili vya Wagikuyu ambavyo tamthilia yenyewe haivitaji kwa jina. Visasili hivyo ni viwili, na havielekei upande mmoja. Kimoja kinasema haki itakuja. Cha pili kinasema haki hutwaliwa na watu. Swali la msingi ni kipi kati ya hivyo kinachoiendesha tamthilia. Jibu lake linagusa namna tamthilia hii inavyopaswa kuelekezwa jukwaani na kufundishwa madarasani.

VISASILI VIWILI VYA HAKI

Njia itokayo Nairobi kwenda Thika, yapata kilomita 45, imebeba sehemu kubwa ya historia inayohusika hapa. Jirani na Ruiru iko Kamiti, gereza ambamo Dedan Kimathi alinyongwa tarehe 18 Februari 1957 na kuzikwa katika kaburi lisilo na alama. Hapo Kahawa, kambi ya jeshi la Waingereza iliyoitwa Templer iligeuzwa kuwa chuo mwaka 1965, na chuo hicho ndicho kilichokua kikawa Chuo Kikuu cha Kenyatta. Kuanzia Ruiru hadi Thika yalienea mashamba ya kahawa ya walowezi, yaliyolimwa kwa mikono ya watu ambao wao wenyewe walizuiliwa kwa miaka mingi kuipanda kahawa hiyo. Na Thika ndiko ulikosimama mugumo.

Mugumo, mti wa jamii ya mkuyu, ni mti mtakatifu kwa Wagikuyu. Chini yake wazee walitoa sadaka na kumwomba Ngai. Kuhusu ule wa Thika, husimuliwa kwamba mtabiri Mugo wa Kibiru alisema siku utakapoanguka, utawala wa wageni nao utakwisha. Husimuliwa pia kwamba wakoloni, walipousikia utabiri huo, waliuzungushia mti ule chuma ili usianguke. Mwaka 1963, mwaka wa uhuru, mti ukapigwa na radi ukaanguka. Hadi leo mahali hapo panaitwa Mugumo Gardens.

Hiki ni kisasili cha haki kilichokamilika. Kina dhuluma, kina ahadi, kina hila ya mdhalimu ya kuizuia ahadi, na kina nguvu ya juu inayoishinda hila hiyo. Uzuri wake wa kifasihi hauna shaka. Hata hivyo, ndani yake hamna mtu atendaye. Mtabiri anasema, mkoloni anafunga chuma, radi inapiga; watu wanangoja. Mkulima wa Ruiru aliyefukuzwa katika ardhi yake hana nafasi katika masimulizi haya ila ile ya mtazamaji.

Kisasili cha pili ni kile cha ituika. Jomo Kenyatta, katika Facing Mount Kenya (1938), anaeleza jinsi Wagikuyu walivyosimulia habari za mtawala dhalimu aliyeangushwa na watu wake, na jinsi kizazi cha waasi kilivyoitwa Iregi, yaani wale waliokataa. Baada ya hapo ilianzishwa desturi ya rika moja kulikabidhi rika jingine madaraka, kila baada ya kizazi, kwa sherehe kubwa ya nyimbo na ngoma. Serikali ya kikoloni iliizuia sherehe hiyo katika miaka ya 1920. Ngugi mwenyewe, katika Decolonising the Mind (1986), ameitaja ituika kuwa mojawapo ya asili za sanaa ya maonyesho nchini Kenya, na ameihesabu kukatazwa kwake miongoni mwa madhara ya ukoloni kwa sanaa hiyo.

Katika kisasili hiki haki haidondoki kutoka mbinguni. Inaanzia katika kukataa, na inadumishwa kwa kukabidhiana. Hakuna rika linaloimiliki milele. Kila rika huipokea na hulazimika kuitoa.

MAHAKAMA ILIYOGEUZWA

Tamthilia inafunguka mahakamani Nyeri. Kimathi amesimama kizimbani kwa shtaka la kupatikana na silaha, na anaulizwa kama anakubali kosa au anakataa. Ananyamaza. Anapofungua kinywa hajibu swali, bali anahoji haki ya mahakama yenyewe kumhukumu. Ukimya huo, unaokuja mwanzoni kabisa, ni mbinu yenye uzito: hadhira iliyokuja kusikiliza kesi ya mtu inajikuta inasikiliza kesi ya sheria.

Mbinu ya pili ni ya mgawanyo wa wahusika. Jaji anaitwa Shaw Henderson. Jina hili linamkumbusha mtazamaji Ian Henderson, afisa wa polisi aliyeongoza msako wa Kimathi msituni. Katika tamthilia mtu huyohuyo anayeketi kitini kama jaji ndiye anayeingia katika chumba cha mahabusu kushawishi, na hatimaye kutesa. Katika kesi ya kweli, iliyosikilizwa Nyeri Novemba 1956, aliyehukumu alikuwa Jaji Mkuu Kenneth O'Connor, wala si Henderson. Watunzi hawakulikosea jambo hili. Wamelibadili kwa makusudi. Kwa kumpa mhusika mmoja kazi ya mwindaji, ya jaji na ya mtesaji, wanadai kwamba chini ya ukoloni kazi hizo tatu zilikuwa moja. Dai hilo lingeweza kutolewa kwa hotuba ndefu, lakini hapa linatolewa kwa sura ya mwigizaji mmoja, na mtazamaji analifahamu kabla halijasemwa.

Hapa lugha ya Kiswahili inatoa msaada ambao ile ya asili haikuwa nao. Sikio la Mswahili huyaoanisha maneno haki, hakimu na hukumu kana kwamba ni ndugu. Kwa asili yake, hakimu na hukumu yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu, na haki katika mzizi mwingine kabisa. Hukumu ni tendo la mwenye mamlaka. Haki ni lile lililo kweli na linalomstahili mtu. Tamthilia nzima inaweza kusomwa kama maelezo ya umbali ulioko kati ya mizizi hiyo miwili: Nyeri kuna hakimu na kuna hukumu, ila haki haimo.

Kwa upande wa anwani, Kiswahili kimepoteza kitu. Neno linalobeba anwani ya Kiingereza lina maana mbili, ya kesi ya mahakamani na ya jaribu linalompata mtu, na watunzi wamezitumia zote mbili kuipanga kazi yao. Anwani ya Kiswahili imeziacha zote na kuweka mahali pake neno mzalendo. Ile ya kwanza inamwachia msomaji swali. Hii ya pili inampa jibu kabla hajafungua kitabu. Badiliko hili dogo limechangia kuwafanya wasomaji wa Kiswahili waitarajie tamthilia ya sifa, na kupitiwa na yale yanayoihoji sifa hiyo ndani yake.

MAJARIBU YA CHUMBANI

Sehemu ya kati ya tamthilia imepangwa kwa majaribu manne. Kwanza anakuja Henderson na kumwahidi Kimathi uhai ikiwa atawaita wenzake wajisalimishe. Kisha wanakuja wenye mabenki na ahadi za maendeleo. Halafu wanakuja Waafrika wenzake, mfanyabiashara, mwanasiasa na mhubiri, kila mmoja na hoja yake ya kuacha vita. Mwisho anarudi Henderson, safari hii kwa mateso.

Wasomaji wengi wataona hapa kivuli cha Injili, yaani majaribu ya Kristo jangwani, na hawatakuwa wamekosea. Lakini kufanana huko kusimzuie mhakiki kuona tofauti. Jangwani mjaribu ni mmoja na anajulikana kuwa adui. Katika chumba cha Kimathi wajaribu wanabadilika sura na rangi, na hatari inaongezeka kadiri wanavyozidi kufanana na yeye mwenyewe. Mabenki hayamsumbui sana. Ni wale wanaomwita ndugu wanaomfikisha penye maumivu. Watunzi wameandika baada ya miaka zaidi ya kumi ya uhuru, na mtazamaji wa 1976 hakuhitaji kuelezwa wale watu watatu walikuwa wakina nani katika Kenya yake.

Upangaji huu unakiondoa kisasili cha utabiri katika tamthilia. Katika masimulizi ya watu, Kimathi alikuwa mtu asiyeweza kukamatwa, mwenye uwezo wa kujigeuza na kupotea machoni pa askari. Watunzi wanayajua masimulizi hayo. Lakini wanayemweka jukwaani ni mtu aliyekwisha kukamatwa, mwenye pingu, anayeweza kushawishika na anayeumia. Mtu aliyetabiriwa hajaribiwi, maana mwisho wake unajulikana. Kimathi anajaribiwa kwa sababu angeweza kukubali.

MAHAKAMA YA MSITUNI

Mahali ambapo fikra ya haki inapimwa kwa ukali zaidi si Nyeri, bali ni msituni. Katika sehemu ya tatu jukwaa linaturudisha kambini kwa wapiganaji, na huko Kimathi mwenyewe ameketi kuhukumu. Mbele yake wamo wasaliti, akiwamo nduguye, Wambararia. Wenzake wanataka hukumu itekelezwe. Kimathi anasita. Anawapa nafasi, na nafasi hiyo inawawezesha kutoroka. Usaliti unaendelea, na mwisho wake ni ile pingu tuliyoiona mwanzoni.

Onyesho hili linajibu lawama ya kwamba Kimathi wa tamthilia hana dosari. Dosari anayo, na ni ya aina iliyo ngumu kuihukumu. Je, alikosea kwa kuwa na huruma? Au alikosea kwa kumpa nduguye huruma ambayo askari waliotekwa hawakuipata? Katika mahakama ya Nyeri mtazamaji hana shida ya kuchagua upande. Katika mahakama ya msituni analazimika kufikiri, maana haki ya damu na haki ya umma zimekutana, na aliyepewa kazi ya kuamua ni mtu anayependa.

Kwa mbinu hii mahakama mbili zinawekwa ana kwa ana. Ya kwanza ina sheria iliyoandikwa na haina haki. Ya pili inaitafuta haki na haina uhakika. Tofauti haipo katika kwamba moja ni ya watu wabaya na nyingine ya watu wema. Tofauti ni kwamba mahakama ya msituni inaweza kulaumiwa na watu wake na kujifunza, ilhali ile ya Nyeri haimsikilizi yeyote.

Hapa inafaa kuikumbuka Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969), iliyotungwa juu ya Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Hussein naye alikabiliana na kisasili: maji yaliyosadikiwa kuzuia risasi. Kinjeketile wake anateswa na neno alilolitamka mwenyewe, ambalo sasa limemponyoka na kuwaongoza watu vitani kabla hawajawa tayari. Hussein anaonyesha gharama ya utabiri: unaunganisha watu, kisha unawadanganya. Ngugi na Mugo wamechukua njia nyingine. Kwao kinachowaunganisha watu hakikutabiriwa. Kinabebwa kwa mikono, tena kwa siri, kutoka kwa mtu hadi mtu.

MKATE, VIJANA NA MWISHO WA ONYESHO

Kinachobebwa ni silaha iliyofichwa ndani ya mkate. Mwanamke, ambaye tamthilia haikumpa jina, anapita katikati ya askari akiwa na mzigo huo wa kumwokoa Kimathi, na kwa sababu ya msako analazimika kuukabidhi kwa kijana asiyejua amebeba nini. Tunapokutana na kijana huyo mara ya kwanza anamkimbiza msichana kwa ajili ya vijisenti. Wote wawili ni watoto wa mitaani, na dhuluma wanayoijua ni ile wanayofanyiana wao kwa wao. Mwanamke anamkemea, kisha anampa kazi. Kuanzia hapo vijana hao wanabadilika hatua kwa hatua, hadi wanaufungua mkate, wanaiona silaha, na wanaamua pamoja.

Huu ndio uti wa mgongo wa tamthilia, wala si ule ushujaa wa kizimbani. Na umbo lake ni la ituika. Rika linalomaliza kazi yake linakabidhi. Rika changa linapokea kitu lisichokielewa, linakielewa, kisha linastahili kukishika. Wakati Kimathi anahukumiwa kifo, wanaosimama na silaha mahakamani ni wale vijana wawili. Risasi inasikika, giza linashuka, na taa zinapowaka tena jukwaa limejaa wafanyakazi na wakulima wanaoimba. Mtazamaji haambiwi kwamba Kimathi ameokoka. Historia hairuhusu jambo hilo, na kisasili hakilihitaji. Katika ituika anayekabidhi hana budi kuondoka.

Mwimbo huo wa mwisho pia ni wa umbo hilohilo. Ngugi ameeleza jinsi watazamaji wa 1976 walivyoungana na waigizaji wakaimba na kucheza hadi nje barabarani. Jengo lenyewe linatazamana na Hoteli ya Norfolk, mahali ambapo 16 Machi 1922 watu waliokuwa wakidai kuachiliwa kwa Harry Thuku walipigwa risasi, akiwamo Mary Muthoni Nyanjiru aliyekuwa mstari wa mbele. Mwanamke wa tamthilia amesimama katika nasaba hiyo.

Hata hivyo hapa pana udhaifu usiofaa kufichwa. Mwanamke huyu ndiye anayeliendesha tendo lote, naye ndiye asiye na jina, asiye na jaribu lake mwenyewe na asiye na mashaka. Kimathi ana chumba cha majaribu; yeye hana. Watunzi wamemfanya ishara ya wanawake wote, na kwa kufanya hivyo wamemnyima ule ubinadamu waliompa Kimathi kwa uangalifu mkubwa. Katika kumtungia yeye, tamthilia imerudi katika kisasili cha mugumo: mti unaosimama imara na kuheshimiwa, bila kuulizwa unahisi nini.

KUMBUKUMBU ZA NYERI

Mwaka 2017 Julie MacArthur alitoa kitabu Dedan Kimathi on Trial, kilichochapisha kumbukumbu za kesi ambazo kwa muda mrefu zilidhaniwa zimepotea. Kimathi anayeonekana humo ni tofauti na wa jukwaani. Alikana shtaka, alijitetea, na alidai kwamba alikuwa akitoka msituni ili ajisalimishe. Je, kumbukumbu hizo zinaivunja tamthilia?

Watunzi walitangaza katika dibaji yao kwamba hawakukusudia kuirudia kesi ya Nyeri, bali kuifasiri upya kwa jicho la wakulima na wafanyakazi. Kwa hiyo hawawezi kushtakiwa kwa uongo. Lakini jibu hilo peke yake ni jepesi. Aliyeumizwa na kumbukumbu hizo ni yule msomaji aliyeigeuza tamthilia kuwa mugumo, akauhitaji uwe wima, usio na ufa. Msomaji aliyeufuata mkate tangu mwanzo haumizwi. Mtu aliyejeruhiwa, anayejitetea kwa kila hoja iliyobaki ili asinyongwe, ni ndugu wa yule anayejaribiwa chumbani na anayesita msituni. Yule anayewatosha ni mdogo kuliko sanamu iliyosimamishwa Nairobi mwaka 2007, na ni wa kweli zaidi.

Historia ya baadaye inatilia mkazo hoja hii. Ngugi alikamatwa mwisho wa Desemba 1977, baada ya Ngaahika Ndeenda kuigizwa na wanakijiji wa Kamirithu, na akazuiliwa Kamiti hadi Desemba 1978. Maana yake ni kwamba mwaka ambao Mzalendo Kimathi ilitolewa kwa Kiswahili, mmoja wa watunzi wake alikuwa ndani ya kuta zilezile alimonyongwa mhusika wake, na waliomfunga walikuwa serikali ya uhuru. Mugo alilazimika kuihama nchi mwaka 1982. Marufuku ya kikoloni juu ya Mau Mau haikuondolewa hadi 2003. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa wahanga 5,228 wa mateso ya wakati wa hali ya hatari, baada ya wazee wa Kenya kuipeleka kesi yao London. Mukami Kimathi, mjane wa Dedan, alifariki Mei 2023 bila ya kumzika mumewe. Mugumo wa Thika ulikuwa umekwisha kuanguka miaka 60 kabla ya hapo. Utabiri ulitimia na madai yakabaki. Na yale machache yaliyopatikana yalipatikana kwa sababu kuna waliokataa kungoja.

HITIMISHO

Imeonyeshwa kwamba Mzalendo Kimathi imekutanisha visasili viwili vya haki, na kwamba mbinu zake kuu, yaani ukimya wa kizimbani, kuunganishwa kwa jaji na mtesaji, ngazi ya majaribu, mahakama mbili zinazotazamana na mkate unaopita mkono kwa mkono, zote zinakisukuma kando kile cha utabiri na kukisimamisha kile cha ituika. Imeonyeshwa pia kwamba tamthilia haikuufuata msimamo huo hadi mwisho, hasa kwa upande wa mhusika Mwanamke.

Kwa mwelekezaji na kwa mwalimu yapo mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, onyesho la msituni lisipunguzwe kwa ajili ya kuokoa muda, kwa kuwa likitolewa kinachobaki ni hotuba za shujaa. Pili, uzito wa uigizaji uwekwe kwa vijana wawili, na mabadiliko yao yaonekane wazi machoni pa hadhira. Mugo alifariki Juni 2023 na Ngugi Mei 2025, wote wawili nchini Marekani. Kazi yao sasa imo mikononi mwa wasomaji wa rika jingine, ambao wengi wao walizaliwa muda mrefu baada ya mugumo kuanguka. Wakifundishwa kuisoma kama sifa, wataiheshimu na kuiweka rafuni. Wakifundishwa kuisoma kama ituika, watalazimika kuuliza walichokabidhiwa ni nini.